Ruti mpya za mbali zinagombaniwa angani, sisi wa Mtwara tunakwamia kati ya Jengo la 2 na Jengo la 3 pale uwanja wa ndege wa Dar

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Juzi jioni kijiweni kwetu Chikongola, vikombe vya kahawa mkononi, ubishi ulikuwa mkali kuliko wa Simba na Yanga. Jamaa mmoja kang'ang'ana: uwanja wetu wa ndege sasa una njia ya kurukia ya mita 2,800, kwa hiyo ni suala la muda tu tuanze kupandia hapahapa, moja kwa moja mpaka Dubai au Mumbai bila kukanyaga Dar. Mwingine akamjibu, "We, hata hiyo ya Dar yenyewe kuna siku inatupiga chenga." Mimi nikanyamaza. Nina kidonda changu kwenye jambo hili na sikutaka kukitonesha mbele ya muuza kahawa. Nimekuja kukifungulia hapa, pamoja na hesabu zake. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Mnijue kidogo. Nauza vipuri vya pikipiki na taa za sola. Guangzhou nimekwenda mara nne. Mumbai sijafika, ila mwaka jana nilimsafirisha mjomba wangu aende kutibiwa. Nyie wa Kusini mnajua mjomba ni nani. Baba anaweza kukusamehe, mjomba akishakutaja kwenye kikao cha ukoo umekwisha. Kwa hiyo safari ile niliipanga kwa uangalifu wote, tena ndiyo maana naumia mpaka leo.

Nilikata tiketi mbili. Moja Mtwara hadi Dar, ya shirika la hapa nyumbani ambalo silitaji. Ya pili Dar hadi Mumbai kwa kupitia Ghuba, ya shirika la nje, nalo silitaji. Niliona nimekuwa mjanja kwa sababu ukizinunua mbalimbali zilikuwa nafuu kwa laki na kitu. Ndege ya Mtwara itue Dar saa 5 asubuhi, ya nje iruke saa 10 jioni. Saa tano nzima katikati. Nani angeogopa?

Asubuhi ile tukafika uwanjani mapema. Mjomba kabeba ndoo nyeupe ya lita tano imejaa korosho za kubanguliwa, mfuniko kauzungushia gundi ya karatasi mpaka ikawa kama bandeji. Nikamwambia, "Mjomba, unapeleka korosho India? Hao ndio wanaozinunua zetu ghafi kwenye mnada, wanabangua wenyewe." Akasema, "Hizo zinazokwenda kwa meli ni za biashara. Hizi ni za daktari." Mizani ikaonyesha amezidi kilo nne. Akatoa kanzu mbili na viatu, akamkabidhi shangazi. Ndoo haikuguswa.

Saa ya kuondoka ikafika, ndege haijaja. Tukaambiwa kuna hitilafu, subirini. Saa 6. Saa 8. Ikaja saa 9 na nusu. Mpaka anashuka Dar ilikuwa karibu saa 11, na yule wa nje kashaondoka. Mezani kwao jibu lilikuwa fupi: tiketi hizi hazijuani, huyu kwetu ni abiria ambaye hakutokea. Na kwa kuwa hakupanda kipande cha kwanza, vipande vyote vilivyobaki, pamoja na vya kurudi, vimefutwa. Mjomba alilala Dar siku tatu kwa mtoto wa dada yake Mbagala, mimi huku nauza mashine ya kuchomelea nipate tiketi nyingine.

Sasa turudi kwenye mada, maana sikuja kulia tu.

Kila shirika likizindua ruti ya mbali, magazeti yanaandika kuhusu ndege: kubwa kiasi gani, viti vingapi, kiongozi gani alikata utepe. Air Tanzania walipoanza Dar–Mumbai Julai 2019 ilikuwa hivyohivyo. Guangzhou nayo ilipangwa ianze Februari 2020, korona ikaikalia, ikaja kuruka 2021. Mimi nilifurahi kwa dhati kabisa. Shirika lile lilizaliwa Machi 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, likaolewa na South African Airways mwaka 2002, ndoa ikavunjika 2006, na mpaka 2016 lilikuwa limebaki jina. Kuliona na Dreamliner, ile Boeing kubwa ya masafa marefu, 2018 haikuwa jambo dogo.

Ila hesabu haina uzalendo. Dreamliner yetu ina viti 262, 22 vya mbele kwa wenye nazo na 240 vya sisi wengine. Ukiipeleka Mumbai mara tatu kwa wiki unahitaji watu 786 wa kwenda, na 786 wengine wa kurudi, wiki hii, wiki ijayo, masika na kiangazi. Jamaa wa kijiweni anayetaka iondokee Mtwara aniambie atawatoa wapi. Msimu wa minada ya korosho utapata wanunuzi wachache wa Kihindi na Kivietinamu. Ukiisha msimu, utasafirisha nani?

Hata Dar peke yake haitoshi, na hapo ndipo Waethiopia wanapotuacha. Safari yangu ya pili ya Guangzhou nilipitia Addis. Nilikaa kiti cha katikati. Kushoto kwangu Mkongo wa Lubumbashi anayenunua vitenge, kulia dada wa Lilongwe anayefuata nywele za bandia. Mbele yetu vijana wa Lusaka. Yaani ile ndege haikujazwa na Addis. Ilijazwa na sisi watu wa miji ambayo hakuna hata mmoja unaoweza kujaza ndege yake wenyewe. Ethiopian wanatukusanya jioni kutoka pande zote, wanatumwaga uwanja mmoja, na usiku uleule wanatugawa: wewe China, wewe India, wewe Ulaya. Emirates wanafanya hivyo Dubai, Qatar Airways Doha, Turkish Istanbul. Kenya Airways wanajaribu Nairobi, RwandAir Kigali.

Kwa hiyo ndege ya Dar kwenda Mumbai bila kutua haishindani na ndege nyingine ya Dar kwenda Mumbai. Inashindana na Addis, Dubai, Doha na Nairobi kwa mpigo. Silaha yake ni moja kubwa: saa sita hivi angani umefika, wakati kupitia Dubai ni saa tano na nusu mpaka pale, kusubiri, halafu tatu nyingine. Kwa mgonjwa hiyo ni tofauti kubwa mno. Silaha ya wenzake ni kwamba wao wanaruka kila siku. Ukiikosa ya leo, unapanda ya kesho. Shirika linaloruka siku chache kwa wiki, ukilikosa unakaa Dar unakula pesa ya matibabu.

Kuna ujanja wa bei ambao wengi hawauoni. Mgeni, yaani shirika jipya kwenye ruti, akiingia na nauli ya chini, mkubwa hahangaiki kushusha bei zote. Anashusha viti vya Dar tu, tena zile siku ambazo mgeni anaruka. Abiria wake wa Lusaka na Lilongwe wanaendelea kumlipa bei ya zamani, hao ndio wanaoubeba mchezo. Mgeni hana Lusaka ya kumbeba, ama anayo ndogo. Tuliona ndani ya nchi fastjet walivyoingia mwishoni mwa 2012 na bei za kushangaza, watu wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, ikafika Desemba 2018 wakasimama. Bei ya chini inakupa abiria, haikupi pumzi.

Pumzi nyingine ni idadi ya ndege. Mwenye ndege kubwa mia, moja ikigoma anatoa nyingine. Mwenye mbili au tatu, moja ikigoma ratiba nzima inaanguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Na injini za kizazi hiki zimesumbua dunia nzima, si sisi tu: Trent 1000 za baadhi ya Dreamliner, na zile za Pratt & Whitney za Airbus A220, ambazo ziliziweka chini ndege za mashirika mengi. Wenzetu walikuwa na akiba. Sisi akiba yetu ilikuwa radhi.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinasema Air Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Najua kuna watakaokuja na hoja ya utalii na heshima ya taifa. Njooni, nawasubiri.

Ila hoja yangu kuu ni hii, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wale wakubwa wa Ghuba wana kila kitu isipokuwa kimoja: hawawezi kuja Mtwara. Hawawezi kwenda Songea, Mpanda wala Bukoba. Safari za ndani ya nchi haziwahusu. Mtu wa Mtwara, wa Masasi, wa Newala, wa Lindi, mpaka anafika Dar yupo mikononi mwa mashirika ya nyumbani. Huyu ndiye abiria ambaye shirika letu lingempata bila kugombana na mtu. Mpe tiketi moja kutoka Mtwara hadi Mumbai, begi lipimwe Mtwara alikute Mumbai, na ndege ya Mtwara ikichelewa iwe ni shida ya shirika, si ya mjomba. Ndivyo Addis inavyomfanyia mtu wa Arba Minch, mji wa mikoani kule Ethiopia.

Badala yake, abiria wa ndani anashukia Jengo la 2 pale Dar, na safari za nje zinaondokea Jengo la 3, lile jipya lililofunguliwa 2019, zuri kweli, la kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Kati yake kuna barabara, jua, na dereva wa teksi anayekuangalia begi lako akitaja bei. Mjomba alipita pale na ndoo yake kichwani. Sijui kama waliopanga ruti ya Mumbai wamewahi kuvuka pale wakiwa na mzee na ndoo.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Lindi mjini

Mkuu umeandika vizuri ila nyie wa Mtwara mnalalamika mkiwa mmeshiba. Sisi ili tupande ndege tunasafiri kilomita mia na kitu kuja kwenu, wakati uwanja wa ndege wa Kikwetu tupo nao hapa. Siku mradi wa gesi wa Likong'o ukianza kweli, hao wahandisi watatua wapi? Ndipo mtakapojua viti 22 vya mbele vinajazwaje.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Lindi, hilo nakubaliana nawe kabisa. Wahandisi wa gesi ndio abiria ambao kila shirika duniani linawaota, kampuni inalipa na hakuna anayeuliza bei. Lakini huo mradi tumeusubiri tangu watoto wangu wako chekechea, sasa wa kwanza ana ndevu. Siwezi kupanga ruti kwa ndevu za kesho.

Mchangiaji, Dar

Umesahau mzigo, mkuu. Nimefanya kazi ya kupakia mizigo. Ndege ya abiria ya masafa marefu tumbo lake chini linaweza kuokoa safari. Kutoka Guangzhou halina shida, linarudi limejaa simu, nguo, vipuri kama vyako. Shida ni kwenda. Kinachokwenda China kwa ndege ni kaa hai na kambakochi. Kaa anafungwa kamba miguu, anapangwa kwenye maboksi yenye matundu, na ana saa zake, zikipita unasafirisha harufu. Ndege ikichelewa saa nane, mwenye mzigo anahesabu waliokufa mmoja mmoja.

Mleta uzi

Hapa umenigusa mkuu, maana kaa hao wengine wanatoka huku kwetu, Kilwa na Lindi, kwenye mikoko. Wanakwenda Dar kwa gari usiku. Mvuvi wa huku naye ni mjomba tu, kwa namna nyingine: anafika Dar kwa njia yake, na ruti ya mbali haijui kama yupo. Korosho zenyewe tusiziweke kwenye hesabu ya ndege, zile ni za meli bandarini, maelfu ya tani.

Mchangiaji, Masasi

Mimi nasema hizo bilioni 91 wangetengeneza barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, njia ikakatika huko Kilwa, Somanga, tulikaa siku ngapi? Basi zimejipanga, watu wanalala chini ya miti, watoto wanalia. Ndege ya Mumbai ilinisaidia nini?

Mleta uzi

Mkuu, hapa nakiri sina jibu zuri. Siku zile mimi nilikuwa na mzigo umekwama Nangurukuru. Wenye nazo walipanda ndege Mtwara–Dar na siti hazikupatikana kwa wiki nzima. Ila nikiitazama upande wa pili, siku zile ndizo zilizonionyesha kuwa hii ndege ndogo ya Mtwara si anasa. Kama ni lazima nichague kati ya Dreamliner ya nne na ndege mbili ndogo za propela zisizochelewa, nipeni za propela. Hata Mumbai itajaa vizuri zaidi.

Mchangiaji, Dar

Na lile suala la Ulaya? Si tumewekewa zuio?

Mleta uzi

Ndiyo. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, na Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Wanasema shida wanaiona kwenye usimamizi. Hiyo haizuii Mumbai wala Guangzhou. Inaziba ndoto ya kutua miji ya Umoja wa Ulaya, na inawatia hofu mawakala wa utalii wa kule, ambao wateja wao walikuwa wanapanda ndege zetu za ndani. Kwa hiyo hata ndege ndogo inakosa abiria kwa sababu ya orodha iliyoandikwa Brussels. Wakati huohuo Uganda Airlines wameanza London Gatwick Mei 2025 kwa ndege yao ya Airbus. Sisemi watapata faida. London ni ngumu, British Airways wenyewe waliacha kuja Dar 2013, na Kenya Airways walipoanza New York Oktoba 2018 hawakukuta pesa zimemwagwa uwanjani. Nasema tu wamefika kabla yetu.

Mchangiaji, Mtwara (Shangani)

Mleta uzi, mimi ni yule wa kijiweni. Uliniacha nashinda ubishi peke yangu kumbe unakuja kunisema huku. Haya, njia ya kurukia mita 2,800 ni ya nini basi?

Mleta uzi

Hahaha, kaka samahani, kahawa ya kesho juu yangu. Mita 2,800 si bure. Ndege kubwa kuliko hizi za propela inatua bila wasiwasi, na siku Dar kukifungwa kwa mvua au hitilafu kuna pa kukimbilia. Mimi ningependa kuiona inatumika kwa kitu kidogo: ndege ya Mtwara kwenda Moroni, Comoro. Wangazija wana ndugu huku pwani yote, na Air Tanzania tayari wanakwenda Hahaya, uwanja wa ndege wa Moroni, kutokea Dar. Hiyo ni ruti fupi, haina utepe mkubwa wa kukata, ndiyo maana labda haizungumzwi.

Mchangiaji, Lindi mjini

Mjomba alipona?

Mleta uzi

Alipona, ashukuriwe Mungu. Karudi na ndoo ileile, safari hii imejaa dawa na biskuti za watoto. Daktari alizila korosho mbele yake, akamuuliza zimekaangiwa wapi. Mjomba akasema, "Newala," daktari akaandika kwenye karatasi. Mpaka leo anaihadithia kuliko upasuaji wenyewe.

Mchangiaji, Dar

Sasa mkuu na maneno yote haya, safari yako ya Guangzhou mwezi ujao unaondoka na nani? Useme ukweli.

Mleta uzi

Ukweli. Nilianza na ya kwetu, ile isiyotua popote. Siku zake hazikuoana na siku ninazohitaji kuwa sokoni kule. Nimekata ya kupitia Addis, tiketi moja kutoka Dar. Na Mtwara–Dar nimekata basi la alfajiri, siku mbili kabla. Nitalala Mbagala kwa yule binamu aliyemhifadhi mjomba. Keshaniambia nije na korosho.